Ukurasa wa Bomba la Masoko

Jina la baba mkwe wangu silitaji. Si kwamba nimelisahau. Nalijua lote, la kwanza na la ukoo, na niliwahi kuliona limebandikwa kwenye ubao wa matangazo mchana kweupe kwa kosa langu mwenyewe. Ila mimi ni mkamwana wa Kinyakyusa, na kwetu mkamwana hamtaji baba mkwe kwa jina, hamtazami usoni, wala hakai naye chini ya paa moja. Akitokea njiani naingia kwenye migomba mpaka apite. Wenzangu wengi wa siku hizi wameliacha hilo, wanasema wameokoka. Sawa, Mungu awabariki. Nyumba niliyoolewa mimi hawajaliacha, na nilijua hivyo kabla ng'ombe hawajatolewa, kwa hiyo sina wa kumlalamikia.

Mwaka 2009 nilikuwa na miaka minne ya ndoa, mtoto mmoja anaitwa Noah, na kazi ya ukarani katika Jumuiya ya Maji ya Nsanga. Ofisi yetu ilikuwa Makandana, vyumba viwili na stoo kwa nyuma. Zamani maji yalikuwa ya serikali. Fundi wa serikali, bomba la serikali, na yakikatika unailaumu serikali unaendelea na shughuli zako. Halafu ikaja ile miaka ya kila mtu ajitegemee. Mafundi wakapunguzwa kazini, vijiji tisa vikaitwa mkutanoni vikaambiwa haya, mradi sasa ni wenu. Ukawa wetu kweli. Hakuna aliyekumbuka kutuambia mabomba yamepita wapi.

Aliyejua alikuwa mtu mmoja, ndiye huyo nisiyemtaja. Alikuwa fundi wa mradi tangu mitaro inachimbwa miaka ya sabini. Mwaka 1995 akapunguzwa kwa barua ya mistari minne. Akarudi kwenye migomba yake kule Igogwe, na alichokijua akarudi nacho kichwani. Kuanzia hapo bomba likipasuka, mafundi wa Jumuiya wanapanda Igogwe na kuku mkononi, wanakaa barazani, wanasalimia mpaka salamu ziishe, ndipo anawaambia wahesabu hatua arobaini kutoka kwenye jiwe fulani wachimbe. Wanachimba, wanakuta. Kuku huyo mimi sikumwonea wivu hata siku moja. Barua ya mistari minne kwa miaka ishirini ya kazi, mtu ana haki ya kupelekewa kuku.

Akaja meneja mpya, Prosper, mtu wa Rombo, anatembea haraka na kuongea haraka. Akasema haiwezekani vijiji tisa vitegemee kichwa cha mzee mmoja. Akiugua malaria wiki mbili tutakufa kiu. Tulikuwa na kompyuta mbili kuukuu. Akaziunganisha kwa waya uliopita dirishani, akaweka kitu alichokiita wiki. Tukamuuliza hiyo wiki ina siku ngapi. Hakucheka. Akatueleza kuwa ni kurasa ambazo mtu yeyote wa Jumuiya anaweza kuzifungua, akaandika anachokijua, na akarekebisha alichoandika mwenzake. Kila bomba litakuwa na ukurasa wake. Na mashine inakumbuka yote: nani aliandika, siku gani, nani alifuta, na alifuta nini.

Kwa kuwa wanachama wetu hawana kompyuta, kila Ijumaa Prosper alichapa kurasa zilizobadilika akazibandika kwenye ubao nje ya ofisi. Maneno yaliyofutwa yalitoka yamepigwa mstari katikati, na pembeni jina la aliyeandika na jina la aliyefuta. Alisema hiyo ndiyo faida yake. Kumbukeni hilo la ubao, maana ndilo lililonikalia kooni.

Prosper alikwenda mwenyewe Igogwe kumwomba mzee, na mzee akakubali. Tulishangaa wote. Akawa anakuja kila Jumanne. Ana adabu zake: akifika getini anakohoa mara tatu. Mimi nikisikia tu, najitanda khanga kichwani, natoka mlango wa nyuma, naingia stoo, nakaa juu ya roli za mabomba ya plastiki mpaka aondoke. Ndani yeye anaeleza, na karani mwenzangu Anneth anapiga chapa. Anneth ni wa Bukoba, hakuwa mkamwana wa mtu, na jambo zima lilimchekesha. Kila nikitoka stoo nimejaa vumbi ananiambia, baba mkwe wako ana meno mazuri jamani, hujui unachokikosa.

Ndani ya miezi miwili zilipatikana kurasa kumi na moja, zote kwa jina lake. Nilikuwa nazisoma wakati wa chakula cha mchana, peke yangu. Nitasema ukweli, nilimpenda mzee yule humo ndani. Alieleza bomba linapumua wapi, mawe gani yanadanganya, nani alitoa shamba lake mtaro upite mwaka gani, na kwamba fundi akipita hapo asiache kuwasalimia watoto wake. Kwa miaka minne nilichomjua ni kikohozi na pindo la koti. Sasa nikamsikia anavyoongea, na anaongea vizuri.

Ila tulikuwa na ugonjwa mmoja. Hakuna aliyesahihisha chochote. Prosper alitubembeleza, akatufokea, wapi. Meshaki, mkuu wa mafundi, alifundishwa kazi na mzee mwenyewe. Anafungua ukurasa, anaandika chini yake "Ndaga fijo, tata", yaani asante sana baba, anafunga. Mwingine anaandika "Nimesoma, ubarikiwe." Ukurasa mmoja ulifikisha shukrani kumi na nne na sahihisho hakuna. Prosper akatuuliza kama hii ni kumbukumbu ya mabomba au kitabu cha rambirambi.

Mwezi wa tisa, jua kali, bomba la Masoko likakauka. Sasa Masoko ndiko nilikozaliwa. Mama yangu, Elina, anaishi huko peke yake na goti lake bovu. Maji ya bomba yakikatika, watu wanateremka ziwani, lile ziwa la shimoni, na ule mteremko mnaoujua mnaujua. Mama alikuwa anateremka na dumu la lita tano kwa sababu la kumi goti halikubali. Ananisimulia kwenye simu kama mtu anayesimulia amekwenda gengeni.

Ukurasa wa bomba la Masoko ulisema hivi: kutoka kwenye tanki bomba linafuata kijito, linavuka penye daraja la magogo, na valvu iko hatua thelathini chini ya daraja, mkono wa kushoto. Mafundi wakaenda wakachimba. Siku ya kwanza hakuna kitu. Ya pili hakuna. Siku ya nne walikuwa na mashimo tisa na mwenye shamba anataka kulia.

Mimi nilijua valvu ilipo. Mwaka 1998, baada ya zile mvua za El Nino, kijito kilibeba daraja na bomba vyote. Watu wa Masoko walitafuta fundi hawakupata. Wakachimba wenyewe, wanaume kwa wanawake, wakalipandisha bomba juu, likapita nyuma ya kanisa penye kahawa, na valvu mpya wakaijengea chemba na kuifunika kwa jiwe pana. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Nilibeba mchanga wa chemba ile kichwani, na mama alikuwa mmoja wa waliolisukuma lile jiwe. Mchanga ukijaa mle ndani maji hayapiti. Ni kufukua, kufungua na kusafisha, kazi ya asubuhi moja.

Nikamwambia Meshaki. Akatazama mabuti yake.

"Dada Atupele, hata mimi niliwahi kusikia."

Sasa unachimba nini kule chini, nikamuuliza. Akasema ukurasa ni wa mzee, na yeye akichimba mahali pengine ni sawa na kumwita mzee mwongo. Yaani mtu mzima, na jembe, na vijana wanne, siku nne wanachimba mahali anapojua hapana kitu, kwa heshima. Nilimpa maneno ambayo siyarudii hapa kwa sababu Meshaki ni mzee wa kanisa.

Nikamwambia mume wangu. Lugano ni mwalimu, darasani kwake hata nzi hatui, lakini mbele ya baba yake anarudi darasa la kwanza. Alikubali kwenda Igogwe jioni hiyo kumweleza. Usiku akarudi na mkungu wa ndizi na maparachichi manne. Nikamuuliza, umemwambia? Akasema alimkuta anakula.

Ikabaki Prosper. Nikamweleza yote, tangu mvua mpaka jiwe. Akasema vizuri sana, nenda karekebishe. Nikamwomba aandike yeye. Akakataa.

"Mimi sikuwepo Masoko mwaka 1998. Wewe ulikuwepo. Anayejua ndiye aandike, na jina lake likae pale."

Ndipo nikamweleza maneno yale ni ya nani kwangu. Akasema hatanilazimisha, lakini mafundi wanafuata ukurasa, ndivyo alivyowaagiza, na hawezi kuwaambia leo waufuate kesho wauache. Ilikuwa Alhamisi.

Saa sita mama akapiga simu. Ameteleza njia ya ziwani. Hajavunjika, alisema, ila dumu limepasuka, na akacheka. Yeye alicheka, mimi nililia pale pale ofisini, mkono mmoja umeshika simu na mwingine umeshika meza.

Nataka ieleweke nilichokuwa naweka rehani. Mkamwana hulindwa na heshima yake, hana kitu kingine katika nyumba ile. Miaka minne nilijificha kwenye migomba, nilikaa stoo na panya, ili pasiwe na mtu wa kusema binti wa Elina hakufundwa. Na kesho yake, kwenye ubao, mji mzima ungeona maneno ya baba mkwe yamepigwa mstari na mkamwana wake. Wako waliorudishwa kwao kwa madogo kuliko hayo. Lakini nilimwona akilini mama anapanda ule mlima kwa magoti, nikafungua ukurasa.

Nilijitanda khanga kwanza. Anneth aliniona, na siku hiyo hakunitania. Nikafuta mistari yake mitatu. Nikaandika yangu: bomba limepanda nyuma ya kanisa, valvu iko katikati ya mstari wa pili na wa tatu wa kahawa, chini ya jiwe pana, usitumie nyundo. Chini kuna kisanduku, mashine inauliza sababu ya kubadilisha. Jina lake nisingeweza kuliandika hata kwa kukatwa kidole. Nikaandika: "Bomba lilihamishwa na wananchi mwaka 1998. Nilikuwepo, nilibeba mchanga. Naomba radhi, Babu Noah." Nikabonyeza.

Ijumaa Prosper akabandika. Hadi saa nane watu walikuwa wamesimama pale kama penye matokeo ya mtihani. Mama mmoja wa kwaya alisoma kwa sauti, akafika mwisho, akaanza tena. Jioni mama mkwe, Tulinagwe, alituma neno kwamba Jumapili Noah asipelekwe Igogwe, kuna shughuli. Shughuli gani, hatukuambiwa. Lugano alikuwa ameupitia ubao akitoka shule. Alikula, akanawa mikono, ndipo akaniuliza swali moja tu, kama nina hakika na lile jiwe. Nikasema mchanga wake niliubeba kwa kichwa hiki. Akasema basi. Kwa Lugano hilo lilikuwa neno kubwa, na nililishika.

Jumamosi Meshaki alichimba kama ukurasa ulivyosema. Shimo moja, la magoti, jiwe hilo hapo. Saa kumi mama akanipigia, hakusema hata hujambo, akaisogeza simu kwenye koki. Nilisikia maji yanaanguka ndani ya ndoo mpaka ndoo ikajaa. Nilifurahi, na furaha yenyewe haikushuka tumboni, maana Jumanne ilikuwa inakuja.

Jumanne nilifika mapema. Saa mbili, saa tatu, hakuna aliyekohoa. Meshaki akapita akaniangalia kwa huruma, nikazidi kukasirika. Nilijiambia hatakuja tena. Kurasa zitaishia kumi na moja, na yaliyobaki atazikwa nayo, na mimi ndiye nitakayekuwa nimeyazika. Nimewapa Masoko maji nikawanyima vijiji vinane. Hesabu hiyo niliipiga asubuhi nzima.

Saa nne na nusu nikasikia getini. Mara tatu.

Nilikimbia stoo bila kiatu kimoja. Nikakaa kwenye roli zangu. Ukuta wa stoo ni wa mbao, mtu akiongea kule ndani unasikia. Nikasikia salamu, nikasikia Anneth anamsomea ukurasa wa Masoko ulivyo sasa, wote, pamoja na sababu niliyoandika. Mzee akasema leo hataeleza, leo ataandika mwenyewe, aonyeshwe tu herufi zilipo.

Ikaanza. Kitufe kimoja. Kimya. Kitufe kingine. Nilisikia vyote, saa moja na nusu, miguu yangu imekufa ganzi na mguu mmoja hauna kiatu. Kila kitufe niliwaza ni neno gani. Nilimwomba Mungu asiwe ananifukuza, na kama ananifukuza, basi anifukuze mimi mkubwa na amwachie Noah babu yake.

Alipoondoka Anneth akaja mlangoni mwa stoo. Hakuwa anacheka. Akasema tu njoo usome.

Hakurudisha mistari yake. Aliiacha yangu kama ilivyo, na chini yake, kwa herufi ndogo mwanzo mpaka mwisho, aliandika haya. Nayanakili bila kuongeza, ila nukta na herufi kubwa nimeziweka mimi:

"Aliyeandika hapo juu amesema kweli. Mwaka 1998 watu wa Masoko walikuja kwangu mara mbili kuniomba niende. Sikwenda. Nilikuwa na hasira ya ile barua. Walichimba peke yao, na mimi bomba lao jipya sikwenda kulitazama hadi leo. Mlipokuja kuniuliza niliona aibu kusema sijui, nikasema la zamani. Mafundi, mlichimba siku nne kwa ajili ya aibu yangu. Kwingine nikikosea futeni. Msiniandikie ndaga."

Nilisoma mara tatu, kamasi zinanitoka, sijali. Mtu ambaye vijiji tisa vilimpelekea kuku aandike sijui, kwa vidole vyake, na Ijumaa ibandikwe nje.

Ndipo Anneth akanionyesha juu ya ukurasa, pale panapokaa jina la mwandishi. Lile jina halikuwepo. Paliandikwa Babu Noah.

"Ameniambia nimbadilishie," Anneth akasema. "Kurasa zote kumi na moja. Nikamuuliza la zamani lina ubaya gani. Akasema halina ubaya, ila kuna mtu hapa ofisini hawezi kulitamka, na kazi hii mkiandika wawili lazima muweze kuitana."

Nilikaa kwenye kiti cha Anneth, bado kina joto. Nikalitamka. Nilisema Babu Noah, kwa sauti, chini ya paa alipokuwa amekaa yeye sasa hivi, na hapakuwa na adabu iliyovunjika.

Ijumaa hiyo ubao ulisomwa kuliko Ijumaa ya kwanza. Jumapili Noah aliitwa Igogwe, na akarudi na kuku. Wiki iliyofuata Meshaki alifuta neno moja la mzee kwenye ukurasa mwingine, neno moja tu, na mbingu hazikuanguka. Kufikia Krismasi walikuwa wanafutana wote, na Prosper akaanza kulalamika kwamba karatasi za kuchapa zinaisha.

Bado sijamwona usoni. Akikohoa natoka, nakwenda stoo kwenye roli zangu, na Anneth bado anasema habari za meno. Lakini Jumatatu moja kabla ya mvua niliandika kwenye ukurasa wa bomba la Igogwe: "Babu Noah, valvu ya pale juu inafungwa kwa kuzungusha kulia au kushoto?" Lilikuwa swali la kwanza nililowahi kumuuliza katika maisha yangu.

Kesho yake alikaa muda mrefu kwenye kompyuta. Nilipotoka stoo jibu lilikuwepo.

"Kushoto, mwanangu. Iliwekwa kinyume, kosa ni langu, mwaka 1979. Goti la mama yako linaendeleaje?"